Mafuriko ya Uvira na upungufu wa kumbukumbu za mito

Uvira, mji wa mashariki mwa Kongo, imekaa kwenye ukanda mwembamba wa ardhi kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Nyuma ya mji kuna vilele vinavyozidi mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Mbele yake, uso wa ziwa uko kwenye mita 775 hivi. Mito Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge inashuka tofauti hiyo kwa mwendo mfupi, inakatiza kartie za watu na kumwagika ziwani. Kaskazini, Ruzizi unateremsha maji ya Ziwa Kivu, unaongezewa na mito ya Kongo na ya Burundi, kisha unaingia ziwani kati ya Uvira na Bujumbura. Kwa sura hiyo ya nchi, wakazi wanapatwa na mafuriko ya namna tatu. Ya mito ya mlimani huja na kwisha kwa saa chache. Ya Ruzizi huchukua siku na wiki. Ya ziwa lenyewe hupanda kwa miezi na kukaa kwa miaka. Kuyachanganya matatu hayo ndilo kosa linalogharimu maisha zaidi kuliko mengine yote, kwa sababu dawa ya moja si dawa ya jingine. Kila namna ina kumbukumbu zake zinazopaswa kusomwa, na kwa kuwa mito ya mlimani ya Uvira haijawahi kupimwa kwa muda wa kutosha, haina budi kusomwa pamoja na mito mingine ya mwambao wa Kivu na Tanganyika, mmoja ukimwazima mwenzake miaka ya vipimo. Bila hivyo, kila daraja na kila ukuta wa kuzuia maji unajengwa kwa kubahatisha.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 ulionyesha namna ya kwanza kwa ukatili wake wote. Mvua kubwa ilipiga milimani, Mulongwe ukafurika, na maji yakashuka mjini yakiwa yamebeba tope, magogo na mawe. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikaharibiwa, na mitambo ya REGIDESO inayosafisha maji ya mto huohuo kwa ajili ya mji ikapata hasara, katika mji ambao kipindupindu hakijawahi kuuacha kwa muda mrefu. Mwaka huohuo ziwa nalo lilikuwa likipanda, likamega nyumba za ufukweni, na upande wa pili wa mpaka Ruzizi ukafunika Gatumba. Wengi walihitimisha kwamba ni gharika moja: ziwa limejaa, kwa hiyo mito imekosa pa kwenda, ikarudi nyuma na kuingia majumbani.

Hesabu fupi inatosha kuonyesha kwamba sivyo. Tuseme mto wa mlimani unamwaga mita za ujazo 200 kwa sekunde kwa saa tatu mfululizo. Hayo ni maji ya kutisha kwa yeyote anayeishi kando yake, yanakaribia mita za ujazo milioni 2.2. Lakini Ziwa Tanganyika lina eneo la kilomita za mraba 32,900 hivi. Maji hayo yote yakitandazwa juu yake, uso wa ziwa unapanda kwa chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Kinyume chake pia ni kweli: ziwa likipanda mita moja, athari yake kwenye mto wenye mteremko mkali inaishia karibu na mdomo wake. Huko mdomoni mto hupunguza kasi, hutua mchanga, na kitanda chake huinuka. Jambo hilo ni zito kwa walio karibu na ufukwe. Haliwezi hata hivyo kueleza kwa nini nyumba zilizo mbali na ziwa, mguuni pa mlima, zilizolewa. Hizo ziliangushwa na mvua ya saa chache na mteremko.

Mito hii ndiyo iliyojenga ardhi ambayo mji umesimama juu yake. Mto unapotoka kwenye bonde jembamba na kufika mahali tambarare, hutua mzigo wake wa mawe na mchanga, kitanda kikijaa huhama kushoto au kulia, na baada ya miaka mingi huacha uwanda wenye umbo la pepeo lililofunuliwa. Anayechimba msingi wa nyumba au choo katika kartie za Mulongwe, Kasenga au Kimanga hukutana na historia hiyo kwa macho yake: tabaka la mchanga, chini yake mawe ya mviringo, mengine makubwa kuliko kichwa cha mtu, kisha mchanga tena. Mawe ya ukubwa huo hayasukumwi na maji ya kila siku. Kila tabaka la mawe ni tendo la mafuriko yaliyopita hapo kabla ya mji kuwepo, na mkondo wa leo ni mmoja tu kati ya njia ambazo mto umewahi kupita.

Kupima mito ya aina hii ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Njia ya kawaida, iliyoenea nchini tangu wakati wa utawala wa Wabelgiji, ni kusimamisha ubao wenye alama za sentimita mtoni na kumlipa mtu wa jirani ausome asubuhi na jioni. Kwa Ruzizi njia hiyo inafaa, kwa kuwa Ziwa Kivu hupunguza makali ya mvua na mto hupanda taratibu. Kwa Mulongwe inapotosha. Tuseme maji ya kawaida ni mita za ujazo 2 kwa sekunde, na saa nne za usiku yanaruka hadi 150 kwa muda wa saa mbili, kisha yanarudi. Msomaji wa saa kumi na mbili jioni ataandika 2, na wa saa kumi na mbili asubuhi ataandika 2 au zaidi kidogo. Hata kama chombo kingerekodi mfululizo, wastani wa siku hiyo ungekuwa mita za ujazo 14 tu, na mhandisi anayetumia wastani wa siku angesanifu daraja kwa sehemu ya kumi ya maji yatakayolipiga. Kwa hiyo daftari nadhifu, lililojazwa kila siku bila kuruka, linaweza kuwa halina hata tone la mafuriko yaliyoua watu.

Kuna ugumu wa pili. Ubao hupima kina, wala haupimi kiasi cha maji yanayopita. Ili kina kigeuzwe kuwa mita za ujazo kwa sekunde, watu lazima washuke mtoni na kipima kasi mara nyingi, maji yakiwa machache na yakiwa mengi, ili uhusiano wa kina na mtiririko uchorwe. Mafuriko makubwa hayapimiki kwa mkono, hivyo ncha ya juu ya mchoro huo hukisiwa. Isitoshe, kitanda cha mto wa mlimani hubadilika kila mafuriko yanapopita, na vijana na akina mama wanaochota mchanga, kokoto na mawe ya ujenzi hukibadilisha tena siku za kiangazi. Uhusiano uliochorwa mwaka jana huenda usifae mwaka huu. Takwimu yoyote ya mtiririko wa kilele inayotolewa bila kutaja ni lini kitanda kilipimwa mara ya mwisho inastahili kutiliwa shaka.

Hapo ndipo usomaji wa eneo zima unapopata maana. Mto uliopimwa miaka 20 una takriban nafasi 82 kati ya 100 ya kutowahi kuonyesha mafuriko ambayo uwezekano wake ni asilimia 1 kwa mwaka. Kuyakadiria kwa daftari la mto huo peke yake ni kuvuta mstari kwenda mahali pasipo na nukta. Mwaka 1960 Mmarekani Tate Dalrymple alieleza njia ya kutoka hapo: kwa kila mto katika kundi la mito inayofanana, kilele cha kila mwaka hugawanywa kwa wastani wa vilele vya mto huohuo. Tarakimu zinazobaki hazina tena ukubwa wa mto ndani yake. Zinasema tu kama mwaka fulani ulikuwa nusu ya kawaida, mara mbili au mara nne. Hizo huwekwa pamoja, na mito minane yenye miaka 15 kila mmoja inatoa miaka 120 ya kujifunzia. Hosking na Wallis waliikamilisha mbinu hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1997, wakiongeza vipimo vya kuamua ni mito ipi kweli inastahili kukaa pamoja. Afrika Mashariki ilikwisha kuonja faida ya fikra hiyo: mwaka 1976 maabara ya Uingereza ya utafiti wa barabara, TRRL, ilichapisha modeli ya mafuriko ya vidakio vidogo kutokana na vipimo vya Kenya na Uganda, ili mito isiyopimwa ipate makadirio ya madaraja na makalvati yake.

Kuchagua kundi ndiyo nusu ngumu ya kazi. Ruzizi hauwezi kukaa na Mulongwe, hata kama yote miwili inaonekana kutoka kilima kimoja. Mmoja una ziwa kubwa kwenye chanzo chake na mabwawa ya umeme, Ruzizi I la mwishoni mwa miaka ya 1950 na Ruzizi II la mwaka 1989. Mwingine ni mteremko mtupu. Wenzake wa kweli wa Mulongwe ni mito mifupi inayoshuka kutoka Mitumba na Itombwe kuelekea Fizi, mito ya mwambao wa magharibi wa Kivu, na ile inayoteremka milima ya Burundi juu ya Bujumbura na Rumonge. Mipaka ya nchi haina neno hapa. Mlima, mwamba, mteremko na tabia ya mvua ndivyo vinavyoamua.

Mtazamo huo unabadilisha pia maana ya neno "nadra". Watu husikia kuwa mafuriko fulani ni ya miaka mia, wakaamini kwamba yakishapita, wajukuu ndio watakaoyaona tena. Ukweli ni kwamba uwezekano unabaki asilimia 1 kila mwaka, na nyumba inayokaliwa miaka 30 kandokando ya mto ina nafasi ya asilimia 26 ya kukutana nayo. Kwa mwambao mzima hesabu ni kali zaidi. Ikiwa kuna mito 20 ya aina hiyo, kila mmoja na asilimia yake moja, na kila mmoja ukifurika kivyake, nafasi ya angalau mmoja kufikia kiwango hicho katika mwaka ni asilimia 18, yaani kila baada ya miaka mitano au sita kuna mji au kijiji kinachozikwa. Matukio ya karibuni yamekuja kwa haraka hata kuliko hesabu hiyo: Uvira Aprili 2020; Bushushu na Nyamukubi huko Kalehe, tarehe 4 Mei 2023, ambako zaidi ya watu 400 walikufa; Kasaba katika Fizi, usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei 2025, zaidi ya 100. Kila mahali palielezwa kuwa hapajawahi kutokea kitu kama hicho. Kwa mto mmoja mmoja huenda ni kweli. Kwa mwambao ni jambo la kutarajiwa, na serikali ya mkoa inayopanga bajeti yake kana kwamba kila tukio ni ajali ya pekee inapanga vibaya. Tahadhari moja tu: mito haifuriki kila mmoja kivyake kabisa. Mvua za wiki ileile ya Mei 2023 ziliua zaidi ya watu 130 nchini Rwanda, ng'ambo ya Kivu. Miaka 120 iliyokusanywa kutoka mito minane kwa hiyo ina uzito mdogo kuliko miaka 120 ya kweli, na anayetumia mbinu hii lazima aseme hivyo waziwazi.

Kwa ziwa, hali ya kumbukumbu ni njema zaidi, na mafunzo yake yamepuuzwa zaidi. Msafiri Cameron alipofika mwaka 1874 kwenye mto Lukuga, mdomo pekee wa kutokea maji ya ziwa, na Stanley mwaka 1876, waliukuta umezibwa na mafunjo na mchanga, na ziwa likipanda. Kizuizi kilipasuka mnamo 1878 ziwa likiwa zaidi ya mita 783, na katika miaka iliyofuata likashuka mita nyingi. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 limekuwa likisomwa kwenye bandari zake. Mvua kubwa za 1961 hadi 1964 ziliinua maziwa yote ya ukanda huu. Victoria, linalosomwa tangu 1896, lilipanda zaidi ya mita mbili, na Tanganyika likafika karibu mita 777 mwaka 1964. Kisha likashuka kwa miongo, watu wakajenga kwenye ardhi iliyofichuka, hadi mvua za 2019 na 2020 zilipolirudisha juu, na za 2023 na 2024 zikalikaribisha tena kwenye kilele kile cha 1964. Setilaiti zinazopima kimo cha maziwa zilianza mwaka 1992. Anayetegemea vipimo vyake peke yake atasema haya ya sasa hayana mfano. Aliye na daftari la 1964 anajua kwamba mstari wa mita 777 ulikwisha kuandikwa ufukweni mara moja katika maisha ya wazee walio hai.

Wapo wanaodai kuwa dawa ni kupanua Lukuga ili ziwa lipungue. Mita moja ya ziwa hili ni kilomita za ujazo 33 hivi. Kuiondoa kwa mwaka mmoja kunahitaji mtiririko wa ziada wa mita za ujazo zaidi ya 1,000 kwa sekunde mchana na usiku, mara kadhaa ya Ruzizi wote, kupitia Kalemie, mji wenye watu wake na hofu yake. Sehemu kubwa ya maji ya Tanganyika huondoka kwa kupanda hewani, na hakuna mhandisi anayelidhibiti jua. Kusafisha mdomo wa Lukuga ni jambo la busara. Kuwaahidi watu wa ufukwe wa Uvira kwamba kutawaokoa ni kuwadanganya.

Dai jingine ni kwamba ukataji wa miti ndiyo sababu yote. Milima ya juu ya Uvira imevuliwa miti kweli, na madhara yake ni ya kweli: udongo unaporomoka, mto unabeba tope zaidi, mafuriko madogo na ya kati yanaongezeka. Kurudisha miti kwenye miteremko hiyo ni kazi yenye heshima. Lakini mvua inapokuwa kubwa kupita kiasi, udongo wenye msitu nao hujaa, na maji hushuka. Mawe yaliyo chini ya misingi ya nyumba yalishushwa milima ikiwa na misitu yake. Miti haibatilishi haja ya kuuachia mto njia yake.

Dai la tatu linatoka kwa wasomi: kwamba kwa kuwa hali ya hewa inabadilika, kumbukumbu za zamani hazina kazi tena. Hili ndilo lenye hatari kubwa, kwa kuwa linahalalisha uvivu. Ongezeko la joto duniani linaipa hewa uwezo wa kubeba mvuke zaidi, na mvua kali kuwa kali zaidi ni tarajio la haki. Kiasi cha badiliko hilo hapa hakiwezi kupimwa bila kujua tabia ya awali. Huko Kinshasa, mto Kongo umesomwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na ndiyo maana mafuriko ya Januari 2024 yaliweza kuwekwa mara moja mahali pake: chini kidogo tu ya yale ya 1961. Uvira haikuwa na mizani kama hiyo asubuhi ya tarehe 17 Aprili 2020.

Marekebisho yanayofaa si ya gharama kubwa. La kwanza ni kuokoa yaliyoandikwa. INEAC, taasisi ya kilimo ya Kongo ya Kibelgiji iliyoanzishwa mwaka 1933, iliacha vipimo vingi vya mvua, na mradi wa COBECORE umekwisha kuonyesha kwamba karatasi hizo zinaweza kupigwa picha na kunakiliwa kuwa data. Kituo cha utafiti wa hidrobiolojia cha Uvira, CRH, kimekaa kando ya ziwa tangu enzi za IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi ya wakati wa Wabelgiji. Madaftari ya mabwawa ya Ruzizi nayo yana miongo ya mtiririko ndani yake. Karatasi hizi zinakabiliwa na mchwa, unyevu na vita, na kila mwaka wa kungoja ni hasara isiyolipika.

La pili ni kupima vilele. Kuna chombo ambacho fundi yeyote wa Uvira anaweza kukitengeneza: bomba la chuma lililofungwa wima kwenye nguzo ya daraja, lenye matundu chini, ndani yake fimbo na unga wa kizibo. Maji yakipanda, unga huelea. Yakishuka, unga hubaki umegandamana na fimbo kwenye kimo cha juu kabisa kilichofikiwa. Asubuhi mtu anafungua, anapima, anaandika, anafuta, anarudisha. Bomba moja juu ya mji na moja chini, kwenye kila mto, lingemaliza tatizo la mafuriko ya usiku kutoonekana daftarini. Kwa yale ya 2020, mistari ya tope iliyobaki kutani ingali inaweza kupatikana kwa kuwauliza wenye nyumba, kuipima kimo na kuikokotoa pamoja na mteremko wa mto ili kupata mtiririko wa kilele. Kazi hiyo ifanywe kabla kuta hazijapakwa chokaa tena.

La tatu ni kuandika sheria ya ardhi kwa kimo. Burundi imeweka mita 150 kutoka ziwani kuwa eneo lisilojengwa. Nia ni njema, lakini kwenye tambarare ya delta ya Ruzizi mita 150 za kwenda nchi kavu huenda zikawa ni mpando mdogo sana, wakati huko Kalundu, upande wa Uvira, penye mwinuko, umbali huohuo unamweka mtu juu kabisa ya hatari. Mstari wa kimo, ulio juu ya mita 777 kwa kiasi kinachotosha mawimbi, ungekuwa wa haki zaidi kwa pande zote mbili. Kwa mito ya mlimani mstari hautoshi. Inahitaji mkondo mpana ulioachwa wazi kuanzia mlangoni mwa bonde hadi ziwani, na wanaohamishwa wapewe viwanja kwingine, kwa kuwa maskini hajengi mtoni kwa kupenda.

La nne ni kushirikiana. Taasisi za hali ya hewa, METTELSAT upande wa Kongo na IGEBU upande wa Burundi, mamlaka ya bonde la Kivu na Ruzizi, ABAKIR, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura zote zina vipande vya picha moja. Kundi la mito lililoelezwa hapo juu haliwezi kuundwa na nchi moja. Vilele vya mwaka vya kila mto, kimo cha ubao, tarehe na saa, pamoja na maelezo ya lini kitanda kilipimwa, ni ukurasa mmoja kwa mto kwa mwaka. Kubadilishana kurasa hizo kila mwezi wa Juni, mvua zikiisha na ziwa likiwa limeanza kushuka kutoka kilele chake cha Mei, hakuhitaji mkataba mpya.